Kwa Mdogo Wangu Aliyepimwa kwa Pua ya Mwenzake

Mdogo wangu Damiano,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, maana ulituma ujumbe wa sauti wa dakika saba, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeshiba. Ulimtumia mwanangu Fabiola, hukunitumia mimi, na ukamwambia asinisikilizishe. Nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani unatania, mara ya pili nilitaka kuipiga ukutani simu ya mwanangu, na mara ya tatu nilichukua daftari lake la chuo nikaanza kukuandikia.

Ngoja niyaweke maneno yako hapa, ili kila anayesoma ajue tunazungumzia nini. Umempatia Fabiola nafasi ya kufua nguo kwenye meli yenu ya watalii. Kabla ya kupanda ni lazima apimwe kifua Arusha. Na wewe unajua, kwa sababu nilikuambia kwa mdomo wangu, kwamba mwanangu yuko wiki ya tano ya dozi ya kifua kikuu. Basi ukamfundisha: atafute rafiki mwenye kifua kizima, wawe wamefanana kidogo, huyo ndiye akapigwe picha kwa jina lake. Vidonge vyake akavitie kwenye kopo la vitamini. "Ukishapanda umepanda," ukamwambia. "Huku siku hizi hakuna anayekusumbua na vipimo." Kisha ukacheka kile kicheko chako cha puani.

Barua hii siifungi kwenye bahasha. Nitaipiga picha ukurasa kwa ukurasa niiweke kwenye kundi la ukoo, na karatasi zenyewe zitakaa mezani pale mgahawani, chini ya chupa ya pilipili. Anayesubiri chakula asome. Wewe umezoea mambo ya kunong'ona, mimi yamenichosha.

Unakumbuka siku ulipoondoka mara ya kwanza? Nilifunga mgahawa asubuhi ile, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya harusi yangu, nikakusindikiza stendi na begi lako kichwani kwangu. Ulikuwa unatembea hatua kumi mbele yangu kwa sababu uliona haya kuonekana na dada yako mwenye kanga ya jikoni. Nililiona hilo, nikalimeza. Nikajisemea kijana anakwenda kuanza maisha, acha aone haya. Gari lilipotoka kuelekea Arusha ulichungulia dirishani ukanipungia mkono, nami nikalia mpaka kondakta wa gari jingine akaniuliza kama nimefiwa.

Halafu ikaja ile picha. Shati jeupe, vifungo vya dhahabu, glavu nyeupe mikononi. Niliitia kwenye fremu nikaitundika juu ya ndoo ya kunawia, kila mteja anayenawa akutane na wewe. Watu waliuliza, "Huyu ni rubani?" Nilijibu, "Ni mdogo wangu, yuko kwenye meli ambayo watu wote wa Nangara wanaenea na nafasi inabaki." Sikujua kama ni kweli. Nilikuwa naringa tu, na kuringa kulinipendeza. Hata uliponiambia kwamba kazi yako hasa ni kutandika vitanda na kukunja taulo mpaka zifanane na tembo, bado niliringa. Mtu kazaliwa Bonga, tembo halisi wametula mahindi tangu tukiwa wadogo, leo anawakunja wa taulo kwa ajili ya watu wazima wanaopiga makofi. Nilisema hiyo nayo ni kazi, na ni kazi kweli.

Kisha ukarudi likizo, ule mwaka ambao corona ilikuwa imeanza kulegea lakini meli bado zinapima. Ulikaa pale mgahawani wiki nzima, kiti cha karibu na jiko, ukisimulia, na wateja wangu walikuwa wanaagiza chai ya pili ili wakusikilize. Alikuwepo Mwalimu Hhando, yule mstaafu anayekula maharage bila chumvi, na alikuwepo dereva wa lori la vitunguu ambaye hupita kwangu kila akitoka Dodoma. Ulituambia jinsi abiria wenu walivyogawanyika kuhusu kile kijiti cha puani. Kundi moja lilisema tumelipia bahari, hatukulipia hospitali, mtu mzima haingiziwi kijiti puani akiwa kwenye starehe yake. Kundi la pili lilitaka kila mtu apimwe kila asubuhi kabla ya kifungua kinywa, na wafanyakazi wapimwe mara mbili.

Dereva alisema, "Mimi ningekataa. Pua ni yangu."

Mwalimu akamjibu, "Pua ni yako, ila hewa ya mle ndani ni ya wote."

"Mwalimu, wewe umestaafu, karantini kwako ni mapumziko. Mimi wiki mbili nikifungiwa, vitunguu vimeoza."

Walibishana mpaka ugali ukapoa. Nami niliwasikiliza wote wawili nikiwa nageuza samaki, na nakuambia ukweli, nilimheshimu dereva kama nilivyomheshimu mwalimu. Alikuwa amekosea, kwa maoni yangu, lakini alisema mbele za watu kwamba atakataa, na kama meli ingemwambia shuka, angeshuka na matusi yake. Ubishi wa namna hiyo hauniudhi hata kidogo. Ninaowadharau ni wale wengine, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba wapo.

Ulitusimulia habari ya yule mama aliyevaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Alikuwa hakubali mhudumu aguse shuka zake mpaka aonyeshwe majibu ya siku ile. Aliandika malalamiko, alipiga simu kwa wakubwa, alisema abiria wasiopimwa ni wauaji. Siku yake ilipofika, kipimo chake kikatoa mistari miwili. Alikifanyaje? Alikificha chini ya godoro, akapaka poda, akaenda kula. Wewe ulikikuta wakati unabadilisha shuka. Na yule mzee wa chumba chenye kibaraza, ambaye alikuwa upande wa pili, upande wa pua ni yangu. Huyo alikohoa siku tatu, akakushikisha bakshishi nono ili usiandike kwenye kile kitabu chenu kwamba mgeni anakohoa. Hukuandika. Ulimwekea asali na ndimu, ukamkunjia tembo.

Tulicheka, Damiano. Pale mgahawani tulicheka wote, na mimi nilicheka mpaka nikaweka mwiko chini. Sijisafishi. Nilidhani ni vituko vya matajiri, watu wenye bahari nzima ya kutazama ambao hawawezi kukaa chumbani siku tano wakiletewa chakula kitandani. Nilisema wanawake wa huku wamekaa na wagonjwa wa kipindupindu kwenye chumba kimoja na hawakulalamika kama hawa. Ilikuwa raha kuwadharau. Wako mbali, hawakujui, unawadharau unavyotaka.

Asubuhi moja ya wiki hiyo ulinisaidia kumenya viazi. Tulikuwa wawili tu, wateja bado hawajaanza, na bila mimi kukuuliza ukanitajia Roni. Kijana wa Ufilipino, mlilala chumba kimoja kule chini kusikokuwa na dirisha, yeye kitanda cha juu wewe cha chini. Ulisema alikuwa anakufundisha kupiga gitaa. Ulisema alikuwa na mama mjane na wadogo wengi, kama sisi. Wafanyakazi mlikuwa mnapewa vijiti mjipime wenyewe chumbani, mnarudisha kila mtu kichupa chenye jina lake. Na asubuhi uliyoamka na homa, siku mbili baada ya yule mzee wa kibaraza, ulimwomba Roni ajichome pua mara mbili. Kijiti kimoja kwa jina lake, kijiti cha pili kwa jina lako. Akakubali, kwa sababu alikuwa rafiki yako na hakutaka upoteze kazi. Majibu yakatoka safi, yako na yake. Wewe ukameza dawa za homa ukaendelea kulala chini yake, mlango umefungwa.

Roni naye akaugua, akashushwa kwenye bandari moja, jina umelisahau, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Ulisema alifia hospitali ya huko.

Nilikuuliza, "Ulimwambia daktari wa meli kwamba ni wewe uliyekuwa unaumwa kwanza?"

Ukasema, "Dada, ningesema ningefukuzwa."

"Mama yake mlimwandikia?"

"Kampuni iliandika."

Halafu ukachukua kiazi kingine, ukakimenya vizuri, ngozi nyembamba bila kupoteza nyama, kama mama alivyotufundisha. Ukauliza kama chai imeiva. Nikakumiminia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikumiminia chai ile, na jibu ni kwamba nilikuogopa. Nilimtazama mtu niliyemlea nikaona simjui. Jioni ile niliitoa picha yako ukutani, nikamwambia Fabiola fremu imeliwa na mchwa.

Unajua mimi napimwa, sivyo? Labda umesahau, kwa kuwa ulipokuwa hapa uliona ni kichekesho. Kila miezi sita, sisi tunaouza chakula mjini hapa tunakwenda kupima afya ili kadi zetu zigongwe muhuri. Tunapeleka choo, Damiano. Mwanamke mzima, nina heshima zangu kanisani, natembea na kikopo ndani ya mfuko mweusi ndani ya mkoba, naomba Mungu nisikutane na mtu wa kutaka kunisaidia kubeba. Nakaa kwenye benchi pamoja na wenzangu wote, kila mmoja na mfuko wake, tunazungumza habari za mvua kana kwamba hatujui kilichomo mikobani. Ulicheka sana nilipokusimulia. Ukaniambia, "Dada, si unamwona mtu tu, unagongewa muhuri, unakwenda zako."

Wapo wanaofanya hivyo. Nawajua kwa majina na kwa sahani zao. Ndio wanaopiga kelele kuliko wote siku bwana afya akija kukagua, ndio wanaonyoosha kidole kwamba ndoo ya fulani haina koki. Sijawahi kula kwao hata chapati. Mwaka mmoja mimi nilikutwa na minyoo, nikaambiwa nisiguse chakula mpaka nimalize dawa na kurudia kipimo. Nilifunga mgahawa, nikabandika karatasi mlangoni: NAUMWA, NITARUDI. Dereva wa vitunguu alikuja akaisoma, akaniuliza kwa dirisha ninaumwa nini. Nilimwambia. Alicheka mpaka akakaa chini, na nilipofungua alikuwa mteja wa kwanza. Aibu ilikuwa kubwa na iliisha. Nikaendelea kukaanga samaki.

Wewe hukujifunza uongo huu melini, na hili ndilo linaloniuma. Ulikuwa na miaka saba pale Bonga alipokufa mdogo wetu mchanga, yule ambaye hata jina hakuwa amelizoea. Mama alikuwa amebatizwa, lakini bibi alikuwa hai na mila za wazee zilikuwa na nguvu: nyumba iliyofiwa na mtoto ilikaa kando na watu kwa miezi. Hatukwenda kwa jirani, hatukuchota maji kisimani kwao, hatukuomba moto. Chakula tulichopewa kiliachwa njiani, mwenye kukileta akishaondoka ndipo tunakwenda kukichukua. Mimi nilikuwa mkubwa, nilielewa. Wewe ulichoka siku ya tisa. Ukapenya kwenye uzio, ukaenda kwa Mama Safari, ukala makande na watoto wake kwenye sufuria moja, ukarudi na midomo inang'aa mafuta ukasema ulikuwa unalisha mbuzi.

Mama hakukupiga. Alikuosha midomo, kisha akatembea mpaka mpakani, akasimama mbali na ua wa Mama Safari, akapaza sauti kwamba mwanangu amekula kwenu, fanyeni mnachofanya. Sauti ilikuwa inakatika kwa aibu. Mama Safari aliitupa sufuria ile kwenye korongo mbele ya macho yake, na hakumsalimia kwa msimu mzima wa kilimo. Baba alifoka, akamwambia amejidhalilisha kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona. Mama akamjibu, "Aibu ni yangu. Watoto ni wao."

Sisemi mila ile ilikuwa njema. Kumweka mbali mwanamke aliyefiwa, siku anazohitaji kushikwa mkono, ni ukatili, na nafurahi wengi wameiacha. Mama mwenyewe hakuipenda. Lakini alikuwa anaamini kwamba kilichoko nyumbani mwake kinaweza kumdhuru mtoto wa mwingine, na alipoamini hivyo hakuona namna ya kukaa kimya. Wewe umesoma, umevaa glavu nyeupe, umepewa semina za afya kwa lugha tatu, unajua kabisa ugonjwa unapitaje. Na ulikaa kimya.

Sasa nije kwa Fabiola. Kikohozi chake kilianza wakati wa kuvuna maharage, tukadhani ni vumbi. Alipoanza kuloa jasho usiku nikamvuta mkono hadi kituo cha afya, akatoa makohozi, na majibu yakaja. Alilia kama aliyehukumiwa. Muuguzi alikaa naye karibu saa nzima, akamwambia ugonjwa huu unatibika, ila una sharti moja tu, usikatize. Miezi sita, kila siku. Tangu hapo ameanza kunenepa. Amerudi kuimba anapoosha vyombo. Ndipo ujumbe wako ukaingia.

Habari yake sikuipata kwanza kwa Fabiola. Aliyekuja kwangu ni rafiki yake Neema, binti wa nyumba ya pili. Alikuja mchana wateja wakiwa wamepungua, akasimama kwenye mlango wa jikoni akikunja na kukunjua ncha ya kitenge.

"Shikamoo Mama Fabiola."

"Marahaba. Kaa, kuna uji."

"Sikai, mama. Nimekuja kusema tu kwamba mimi siwezi kwenda Arusha."

"Arusha kufanya nini?"

Akaniangalia akijua kwamba amekwisha kusema mengi. Halafu akayamwaga yote: picha ya kifua, jina la Fabiola, kitambulisho cha Fabiola, na kwamba Mjomba Damiano ameahidi kumletea simu. Akasema usiku halali. Akasema, "Nikiulizwa jina, mama, nitasema langu. Najijua." Binti wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi kufika mbali zaidi ya Sigino, Damiano, ana haya ambayo wewe ulikwisha kuyatupa baharini.

Nilimkabili mwanangu jioni. Hakukataa, akanipa simu niusikilize ujumbe wako. Alinijibu kwa maneno ambayo niliyatambua kuwa yako, yametoka kwako yakiwa yamekunjwa tayari. "Mama, meli haisubiri. Mjomba amesema kule sheria zimelegezwa, hata abiria hawapimwi tena. Kwa nini mimi ndiye nionekane mchafu?"

Swali hilo la mwisho lilikuwa lake mwenyewe, na lilinikata maini. Nilimwambia si mchafu, ni mgonjwa anayepona. Nikamwambia atalala kwenye chumba kisicho na dirisha, na msichana wa nchi nyingine kitanda cha juu, na siku vidonge vikiisha kwenye kopo lile la vitamini atakuwa katikati ya bahari na hakuna atakayemjua kuwa anaumwa, kwa sababu kwenye karatasi ana kifua cha Neema. Sheria za meli zikilegezwa, mapafu yake hayakuambiwa. Akasema, "Mjomba amefanya na hakuna kilichotokea."

Hakuna kilichotokea. Hivyo ndivyo ulivyomwambia. Nilikaa kwenye kigoda nikamsimulia Roni ni nani. Hakuniamini. Alisema ninatunga kwa sababu nina wivu na maisha yako.

Basi nikiri, ili usije ukasema dada ana roho mbaya tu. Nilikubeba mgongoni. Mama alipokuwa shambani mimi ndiye niliyekutafunia nyama kwa sababu meno yako yalichelewa. Ada ya chuo cha Fabiola umelipa wewe, na bati la nyumba hii ni lako, mvua ikinyesha nalisikia. Nilikupenda kuliko nilivyompenda mume wangu, Mungu anisamehe. Na leo nakudharau. Nimejaribu kutafuta neno laini zaidi na sikuliona. Sikudharau kwa kuogopa, maana kila mtu anaogopa kufukuzwa kazi. Nakudharau kwa sababu kila unapoogopa unatafuta mwili wa mtu mwingine wa kuuweka mbele yako: pua ya Roni, kifua cha Neema, na sasa mwanangu. Wala hukufikiri kwamba unafanya ubaya. Ulidhani unatufanyia hisani.

Hivyo juzi nilipanda gari la alfajiri kwenda Arusha. Nilikwenda katika ofisi ya wakala anayeajiri watu wa meli yenu, ghorofani, nikiwa na kadi ya matibabu ya Fabiola mkobani. Dada wa mapokezi alinisikiliza akiwa ameshika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Mama, huyu unayemtaja ni nani wako?"

"Ni mdogo wangu. Tumbo moja."

"Si mngeyamaliza nyumbani? Haya ukishayaandika hayafutiki. Anaweza kukosa kazi."

"Naomba karatasi," nikamwambia.

Niliandika kwanza habari ya Fabiola: kwamba anaumwa, anatibiwa, na akimaliza dozi atakuja kupimwa kwa kifua chake mwenyewe kama bado wanamtaka. Halafu nikaomba karatasi ya pili. Nikaandika habari ya Roni kama ulivyonisimulia, kuanzia homa yako, vijiti viwili, mpaka kiti cha magurudumu. Jina la bandari sikuwa nalo. Jina lako nililiandika lote, na langu chini yake, na namba ya simu. Nikaomba waitume kwa mama yake, kama wanajua anakoishi.

Kwa hiyo ukiitwa ofisini kwa nahodha, usijiulize ni nani. Ni mimi. Wakikufukuza, rudi. Shamba la Bonga lipo, jembe lipo, na kazi za mgahawani hazijawahi kuisha. Ila utapita kituo cha afya kwanza, utapimwa kila wanachopima, kwa pua yako na kifua chako na choo chako ndani ya kikopo, nami nitakaa na wewe kwenye lile benchi. Majibu yakitoka, mabaya au mazuri, ndipo utaingia kwangu.

Fabiola hanisemeshi tangu nilipomwambia nilikokwenda. Alitoa nguo zake kwenye begi moja moja, akazipanga kabatini, akasema neno moja tu: "Umeniua." Hajaimba tena. Asubuhi ananiletea kikombe cha maji na vidonge vyake, anasimama mbele yangu, anavimeza, kisha anafungua mdomo wote na kuinua ulimi nihakikishe, kama anavyofanyiwa mtu asiyeaminika. Ananitazama hivyo, mdomo wazi, kwa dharau ambayo hata mimi kwenye kurasa zote hizi sijaifikia. Nami namtazama ulimi, natikisa kichwa kwamba nimeona, nakwenda kuwasha jiko.

Acha anidharau. Anapumua.

Kwaheri, Damiano. Ni mimi niliyekubeba mgongoni,

Dada yako, Mama Fabiola
Nangara, Babati